Lutaaya, Chameleone, Kenzo: nani mkubwa, na kwa kipimo gani?

Arua Park, katikati ya Kampala, ni mahali ambapo Kiswahili hakiombi radhi. Mabasi ya Arua, Koboko na Juba huanzia pale. Makuli, makondakta, askari wa likizo na wafanyabiashara wa Sudan Kusini wameelewana kwa lugha hiyo miaka mingi, kabla hata Baraza la Mawaziri halijaamua, mwaka 2022, kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Nilikuwa nasubiri basi la usiku. Kama kawaida yangu nikapita kwenye kibanda cha kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi. Kwa noti moja ya elfu mbili unapewa muziki wa kukufikisha Koboko na kukurudisha.

Mlangoni pa kibanda watu wawili walikuwa wanabishana nani mkubwa zaidi katika muziki wa Uganda, Eddy Kenzo wa leo au marehemu Philly Lutaaya. Mmoja alikuwa Hajji mwenye mvi kutoka Bombo, mwingine kondakta ambaye tiketi zake zilikuwa bado mkononi.

"Hajji, Kenzo amechukua BET, tuzo ya Marekani," kondakta alikuwa anasema. "Huyo Lutaaya wenu alichukua nini?"

Hajji hakupandisha sauti. "Mimi ni Mwislamu, mwanangu. Lakini Krismasi ikifika, mtaani kwangu anapigwa nani?"

Kondakta akacheka, akanigeukia mimi kana kwamba ndiye hakimu. Sikuwa na hukumu. Ila basi lilichelewa, nikapata muda wa kufikiri, na nikaona kwamba wale wawili hawakuwa wanabishana kuhusu jambo moja. Kondakta alikuwa anazungumzia jina: msanii anavumaje sasa, na anafika wapi. Hajji alikuwa anazungumzia urithi. Ukivichanganya hivyo viwili utabishana mpaka basi liondoke.

Jina lina tatizo la hesabu. Sensa ya 1991, mwaka mmoja na kidogo baada ya Philly Bongoley Lutaaya kufariki, ilikuta Uganda ina watu milioni 16.7. Sensa ya 2024 ilikuta milioni 45.9. Msanii wa leo akipendwa na mtu mmoja katika kila watano, ana mashabiki zaidi ya milioni 9 bila kuvuka mpaka. Wa enzi ya Lutaaya, kwa mapenzi yale yale, angepata milioni 3 na kidogo. Kwa hiyo ukihesabu vichwa tu, aliyezaliwa nyuma ana mtaji ambao hakuutolea jasho.

Halafu hesabu hiyo hiyo inageuka. Mpaka mwishoni mwa 1993, Capital FM na Radio Sanyu zilipoanza, mwenye redio nchini alikuwa na Radio Uganda, basi. Wimbo uliopigwa pale ulisikika Kabale na Moroto siku moja. Leo kuna stesheni zaidi ya 200, kila eneo na lugha yake, na mtu anaweza kuwa mfalme Mbarara huku Gulu hawalijui hata jina lake. Nyota wa zamani walikuwa wachache, na taifa zima lilisikiliza kwa sikio moja. Wa sasa ni wengi, na masikio yamegawanyika.

Vijana watasema tutazame YouTube, namba ziko wazi. Ziko wazi, lakini zinahesabu nini? Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, ambayo ndiyo soko la kuuzia wimbo mpya. Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Katikati hapo, Januari 2021, Facebook ikafungwa. Msanii aliyetoa kibao chake bora katika miaka ile alikimbia akiwa na gunia mgongoni. Na nyimbo nilizojaziwa jioni ile Arua Park hazikuhesabiwa popote. Mtu anaweza kusikiliza wimbo mara mia kwenye bodaboda yenye spika, na huko kwenye takwimu ni sawa na hajausikia.

Twende nyuma kidogo, kwa sababu hata kazi ya kuwa maarufu imebadilika. Mwanamuziki Elly Wamala alipotoa wimbo Nabutono mwaka 1959, muziki ulikuwa santuri, na msanii wa Uganda aliyetaka kurekodi mara nyingi alipanda gari kwenda Nairobi. Walionunua santuri walikuwa wachache, wenye gramafoni sebuleni. Jina lilikua polepole na lilikufa polepole. Afrigo Band nayo ilizaliwa 1975 kutokana na Cranes Band, chini ya Moses Matovu na saksafoni yake, wakati wa Amin. Wamempita Amin, wakawapita Lule, Binaisa, Obote na Okello, na mwaka 2025 walitimiza miaka 50 wakiwa bado wanapiga. Sikumbuki mwaka hata mmoja ambao nchi nzima ilipata homa ya Afrigo jinsi ilivyopata homa ya Chameleone. Wao ni jiko la mkaa lililofunikwa majivu: moshi huuoni, lakini weka sufuria uone.

Nirudi kibandani, maana jibu lilikuwa kwenye skrini ya yule kijana. Nilipoinama kuchagua nyimbo niliona mafolda yake hayakupangwa kwa miaka wala kwa majina ya wasanii. Aliyaandika kwa herufi kubwa: KRISMASI. MSIBA. KWANJULA. SAFARI. SHULE. KISWAHILI. Folda nzito kuliko zote iliitwa MPYA.

"Hii huwa inajaa," alinieleza. "Kila mwisho wa mwezi naifuta."

"Yote?"

"Kuna chache nazihamisha. Zile watu wanarudi kuziulizia."

Hapo nikaelewa. Umaarufu ni kuingia kwenye MPYA. Urithi ni kuhamishwa kabla ya mwisho wa mwezi. Na wimbo hauhamishwi kwa sababu ni mzuri tu. Mizuri mingi imefutwa. Unahamishwa ukipata kazi: kuna siku katika maisha ya watu ambayo haiendi bila wimbo huo.

Lutaaya ndiye mfano mkubwa kupita wote, na inafaa kumtazama kwa karibu. Mwaka 1986, akiishi Sweden, alirekodi albamu ya Krismasi kwa Kiganda. Humo kuna Zuukuka, yaani amka, na Tumusinze, yaani tumwabudu. Siamini kwamba alijua anaandika kalenda ya taifa. Aprili 1989 alirudi nyumbani akasimama hadharani kusema kwamba ana virusi vya Ukimwi. Siku zile ugonjwa uliitwa silimu, ukitajwa kwa kunong'ona, na hakuna Mganda mwenye jina kama lake aliyewahi kujitokeza hivyo. Alizunguka mashuleni na makanisani akiimba na kuonya, huku nguo zikizidi kumpwaya. Wapo waliomwita mwongo. Wakasema anatafuta soko la kanda zake. Tarehe 15 Desemba 1989 akafariki akiwa na miaka 38, siku kumi kabla ya Krismasi.

Ukimpima kwa uvumi wa mwaka ule, sehemu kubwa ya uvumi ilikuwa kejeli. Umaarufu wake ulikuwa mchafu, wenye shaka ndani yake. Lakini nyimbo zake zilikuwa zimeshaajiriwa mara mbili. Wimbo wake Alone ukawa sauti ya vita dhidi ya Ukimwi, na 17 Oktoba kila mwaka huadhimishwa kwa jina lake. Nyimbo za Krismasi zikakabidhiwa Desemba yote. Desemba inarudi kila mwaka bila kulipiwa tangazo, na kila inaporudi inakuta watoto wapya ambao hawakuwepo mwaka uliopita. Watu wengi kabisa wanaocheza Zuukuka leo walizaliwa baada ya mwimbaji kuzikwa. Wengine hawajui jina lake. Wanajua tu kwamba ikisikika dukani, nauli za kwenda kijijini zinakaribia kupanda.

Hilo la kutojulikana jina linawaudhi wapenzi wa Lutaaya. Mimi naliona kama daraja la juu. Nani anauliza aliyetunga nyimbo za jando?

Kwenye MSIBA nilimkuta Paulo Kafeero, kama nilivyotarajia. Alikuwa mfalme wa kadongo kamu, muziki wa gita moja na maneno mengi, unaokaliwa chini na kusikilizwa kama mawaidha. Walumbe Zaaya, wimbo wake wa miaka ya tisini, unazungumza na Walumbe, yaani Kifo, yule shemeji wa Kintu katika hadithi ya asili ya Buganda ambaye hakualikwa akaja. Ni mrefu, hauna kibwagizo cha kurukia, na redio ya leo isingeupa hata nusu ya muda wake. Ungepelekwa leo kwa produsa ungekatwa mkia na miguu. Lakini kwenye matanga watu wana usiku mzima, na wimbo unaotosha usiku mzima ni bidhaa adimu. Kafeero alifariki 2007 kabla ya kufikisha miaka 40. Sidhani kama kuna mwezi uliopita tangu hapo ambao hakupata kazi.

Hapa wapinzani wa Hajji wana hoja nzito, na lazima niitoe. Kifo kinapendelea. Mowzey Radio wa kundi la Goodlyfe, aliyefariki Februari 2018, hatatoa tena wimbo mbovu. Hatagombana na mtu kwenye televisheni, hatanenepa, hatakosa sauti jukwaani. Tuna Nakudata, tuna Bread and Butter, tuna ile sauti iliyokuwa inapanda juu halafu inashuka kama mtu anayeteremka ngazi bila kuangalia. Kwenye KWANJULA, ile shughuli ya kumtambulisha mchumba kwao, yumo tele. Lakini Weasel, mwenzake aliye hai, kila kibao anachotoa kinapimwa na kivuli cha wawili. Ukimlinganisha marehemu na aliye hai unamlinganisha mtu aliyemaliza mtihani na mtu ambaye bado yumo chumbani anaandika.

Jose Chameleone yumo chumbani. Ndiye wa kwanza wa kizazi chake kupiga hatua ambayo mimi, kama msemaji wa Kiswahili, siwezi kuipuuza. Mwishoni mwa miaka ya tisini alikwenda Nairobi, kama wale wazee wa santuri, akarekodi wimbo Bageya na studio ya Ogopa DJs. Msanii mwenzake Bebe Cool naye alikuwa huko huko. Wakarudi na mdundo mpya, na Chameleone akarudi na lugha. Mama Mia, Jamila, Kipepeo, na miaka baadaye Valu Valu. Kiswahili chake si cha Lamu. Kuna mahali ngeli zinagongana kama bodaboda za Kikuubo. Lakini kabla yake, mwimbaji wa Kampala aliyetaka kutoka nje ya Buganda mara nyingi alichagua Kiingereza, na Kiswahili kilibaki lugha ya askari, na kwa watu wengi waliokumbuka miaka ya sabini, ya askari mwenye bunduki barabarani. Wimbo wa mapenzi ulikifanyia kazi ambayo wizara haikuwahi kuifanya. Juliana Kanyomozi alipoimba Usiende Mbali na Bushoke wa Tanzania, mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Kwa hiyo urithi wa Chameleone, kwa maoni yangu, uko kwenye njia kuliko kwenye wimbo mmoja. Amejaa kwenye KISWAHILI na kwenye SAFARI, lakini siku maalumu hana. Na kwa sababu yuko hai, anashindana kila mwaka na kijana wa mwaka 2001 ambaye alikuwa yeye mwenyewe. Huyo hashindiki.

Eddy Kenzo ni fundo jingine. Sitya Loss ilitoka 2014. Maana yake ni siogopi hasara. (Baadaye akaja Alien Skin na Sitya Danger, siogopi hatari, sijui kizazi kijacho kitasema hakiogopi nini.) Video ya Sitya Loss ilichezwa na watoto wa mitaani waliokuja kujulikana kama Ghetto Kids, na dunia iliwapenda kwanza wao, ndipo ikauliza anayeimba ni nani. Mwaka 2015 Kenzo akapokea tuzo ya BET. Novemba 2022 akawa msanii wa kwanza wa Uganda kutajwa kuwania Grammy, kwa wimbo Gimme Love alioimba na Mmarekani Matt B. Kondakta ana haki ya kujivuna: hakuna wa kabla yake aliyefika pale. Ila kibandani sikumkuta chini ya tuzo. Nilimkuta kwenye SHULE, karibu na nyimbo za siku ya michezo. Kazi iliyompata ni watoto kucheza, na ni kazi nzuri, maana watoto hawaishi. Nao Ghetto Kids mwaka 2023 walitua kwenye jukwaa la Britain's Got Talent wakiwa na sura mpya, wale wa 2014 wamekua.

Nilimuuliza kijana: Bobi Wine yuko folda gani? Alitabasamu, akapiga mfuko wa shati lake. Alikuwa na flashi nyingine humo.

Bobi Wine, yaani Robert Kyagulanyi Ssentamu, ndiye msanii ambaye kipimo chochote cha muziki kinavunjikia mkononi. Kiwani ilikuwa wimbo wa kuchekesha wa mjini, kuhusu watu wa magumashi. Kuanzia 2017 alipoingia Bungeni kwa kiti cha Kyadondo Mashariki, polisi walizuia matamasha yake mengi, na Januari 2021 matokeo rasmi ya urais yakampa takriban asilimia 35. Sasa ukipiga wimbo wake wa zamani wa mapenzi, kuna anayeusikia kama kura na kuna anayeusikia kama fujo. Umaarufu wake ni mkubwa kuliko wa mwanamuziki yeyote aliyewahi kuishi Uganda, nasema bila kusita. Urithi wake wa kimuziki hauwezi kupimwa mpaka siasa inyamaze, na siasa ya Uganda si ya kunyamaza upesi.

Kuna mizani nyingine ambayo sisi wa Kampala tunaisahau. Tunaposema msanii mkubwa wa Uganda, mara nyingi tunamaanisha mkubwa wa Kampala. Abiria mmoja wa Gulu aliyesimama nasi aliuliza kwa nini hakuna aliyemtaja Bosmic Otim, ambaye nyimbo zake kwa Kiacholi ziliwachapa wanasiasa wa kwao kwa majina. Kondakta hakumjua. Mwimbaji Geoffrey Oryema naye: baba yake, aliyekuwa waziri, aliuawa 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum, na yeye Geoffrey akatoroka nchi akiwa amefichwa kwenye buti ya gari. Albamu yake Exile ya 1990 ilitengenezwa na mwanamuziki Mwingereza Brian Eno na kutolewa na lebo ya mwenzake Peter Gabriel. Ufaransa walimjua miaka ishirini na zaidi. Alifariki huko Juni 2018. Kibandani hakuwemo kabisa, hata kwenye MSIBA.

Wanawake nao. Joanita Kawalya na Rachael Magoola wamebeba Afrigo kwa sauti zao, na Obangaina ya Magoola, kwa Kisoga, bado huinua watu vitini. Lakini katika ubishi mzima wa jioni ile jina la mwanamke lilitajwa mara moja, tena kwa habari ya mavazi.

Neno urithi, kwa Kiswahili, kwanza kabisa ni mali. Ni shamba, ng'ombe, nyumba ya kugombania baada ya arobaini. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake nyimbo za Lutaaya bado zina wenyewe mpaka 2039. Kila Desemba baa, hoteli, redio na duka linalopiga Tumusinze linatumia mali ya watu. Katika enzi ya kanda wasanii wengi waliuza kila kitu kwa mwenye duka kwa malipo ya mara moja, wakaenda zao na pesa ya mwezi. Kwa hiyo kuna wimbo wenye kazi ya kudumu ambao mshahara wake haufiki nyumbani. Nami niliyesimama pale na noti yangu ya elfu mbili sina pa kujificha. Hakuna hata shilingi iliyokwenda kwa mtu yeyote aliyeimba.

Basi likapiga honi. Hajji na kondakta walikuwa wamehamia kwenye mpira. Nilimwambia kijana anijazie kila folda kidogo kidogo, MPYA pia.

Kondakta ndiye aliyeichomeka flashi yangu kwenye redio ya basi, kwa kuchanganya nyimbo ovyo. Saa nane usiku tulikuwa tunakaribia daraja la Karuma, basi zima limelala, ilikuwa Agosti. Zikaingia kinanda na kwaya, na Lutaaya akaanza: Zuukuka. Kondakta akaruka kwenda kuibadilisha.

"Iache," akasema mwanamke mmoja kutoka nyuma, kwenye giza.

"Mama, ni Agosti."

"Iache tu."